Maua Aliyorushiwa Thacienne

Pale Lushebere, kwenye vilima vya upande wa Goma, wanaomkumbuka Thacienne Mukandori wanakumbuka kwanza namna alivyokuwa akiita. Kabla hajajua kusoma, kabla hata hajabatizwa, mama yake Verdiane alikuwa akimtuma apande juu ya kilima awaite wanaume waliokuwa wakipalilia maharagwe ng'ambo ya bonde, waje kula. Watoto wengine waliita mara tatu, mara nne, mikono mdomoni. Mukandori aliita mara moja, mikono kiunoni, na watu wa ng'ambo wakaweka majembe chini. Siku moja waliacha kazi hata watu wa kilima cha tatu, ambao hakuna aliyekuwa na haja nao, wakafika nyumbani wakihema na kuuliza kuna msiba gani.

Baba yake, Karangwa, mkulima wa mihogo na maharagwe na Mkristo mpya, aliwapa wageni wale pombe ya ndizi wapoze roho. Kisha akamvuta binti yake kando.

"Ile sauti yako," akasema, "uifunge kidogo."

Tangu siku hiyo Thacienne aliambiwa mambo mengi juu ya sauti yake, na mengi hayakupatana.

Mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na mbili, akiwa na miaka kumi na mitano, aliingia katika kwaya ya misioni. Padri, mzee wa Kibelgiji mwenye ndevu nyeupe, alimsikiliza mara moja tu, akamsogeza mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alimwambia, "Imba nusu." Thacienne hakujua nusu ya sauti inakaa wapi. Jumapili ya kwanza aliimba mstari mmoja, akaruka wa pili, akaimba wa tatu. Padri alikuja juu. "Si hivyo! Uimbe maneno yote, lakini nusu!" Jumapili ya pili akafungua mdomo bila kutoa sauti, na Padri akamsifu mbele ya wenzake wote. Binti akarudi nyumbani akijiuliza kama Mungu alimpa kitu kile kwa makosa, kikiwa kimekusudiwa mtu mwingine, labda mwanamume mmoja mkubwa wa kuchunga ng'ombe.

Miaka minne ikapita hivyo. Pasaka ya mwaka wa arobaini na sita, wageni wawili walilala misioni wakiwa njiani kwenda Goma. Bwana alikuwa mkuu wa kazi kwenye machimbo ya bati kule Walikale. Mke wake, Madamu Elvire, alikuwa mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha hariri shingoni, na sauti yake ilikuwa kavu, yenye kukwaruza, kama koo lake lilikuwa limejaa mchanga. Asubuhi ile waimbaji wa mbele watatu walikuwa na kikohozi, na Padri, akiona aibu ya kwaya nyembamba mbele ya wageni, akamwashiria Thacienne aongeze kidogo. Thacienne, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza kidogo ni kiasi gani, akaongeza yote.

Madamu aliangusha kitabu chake cha misa. Watu walipotoka, alimfuata binti moja kwa moja, akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akachungulia ndani kama mtu anayenunua mbuzi.

"Siumwi, Madamu," Thacienne akasema, maana alidhani ni daktari.

Padri ndiye aliyemweleza baadaye. Madamu Elvire alikuwa mwimbaji wa opera kwao Ulaya, katika majumba makubwa ambamo watu wanaimba hadithi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, hawasemi neno bila kuliimba. Kisha akaugua uvimbe wa shingo, daktari akamkata, na alipoamka akajikuta hai bila sauti. Sasa alitaka kumchukua Thacienne Walikale amfundishe.

Padri alikwenda mwenyewe kwa Karangwa kupeleka maneno hayo.

"Aende kufanya kazi gani?" Karangwa akauliza.

"Kuimba."

"Na akimaliza kuimba?"

"Ataimba tena."

"Padri, kuimba njo kazi?"

Padri, ambaye hakupenda nyimbo za majumba yale, alitazama viatu vyake. "Kwetu, kwa watu wengine, ndiyo kazi."

Mwishowe walipatana kwamba atahesabiwa kuwa mfuaji wa nguo, kwa sababu hilo lilikuwa neno ambalo kila mtu aliweza kulieleza kwa jirani. Thacienne akapanda kamio, lori la machimbo, akiwa na kikapu kimoja, akatelemka kutoka baridi ya vilima hadi joto la msitu, pasipo kujua kama ameajiriwa, ametolewa, au ameitwa.

Nyumba ya Walikale ilikuwa ya mbao, imezungukwa na miti mirefu iliyodondosha maji hata siku zisizo na mvua. Sebuleni kulikuwa na piano iliyovimba kwa unyevu. Baadhi ya vibonyezo vyake vilibonyea visirudi, na Madamu alivinyanyua kwa kisu cha siagi huku akiapa kwa Kifaransa. Asubuhi Thacienne alifua nguo. Alasiri alifundishwa. Alilazwa chali sakafuni, pasi ya mkaa iliyopoa ikiwekwa tumboni, na kazi yake ilikuwa kuinyanyua kwa pumzi. Aliambiwa apige miayo bila usingizi. Aliambiwa sauti isitoke kooni, itoke mgongoni, kesho yake itoke kwenye paji la uso. Aliambiwa asilie anapoimba wimbo wa huzuni, na wiki iliyofuata akakemewa: "Wewe jiwe! Kulia ndani ya sauti!" Alinyweshwa mayai mabichi, na supu ya mbuzi kwa ajili ya nguvu za kifua. Wanawake wa kwao hawakula nyama ya mbuzi, ikisemekana huwaotesha ndevu, hivyo kwa miezi mitatu kila asubuhi alijipapasa kidevu kabla ya kusali.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kiitaliano. Alizishika neno kwa neno, zikakaa kichwani kama majina ya watu asiowajua. Kulikuwa na moja ndefu, ambayo Madamu aliipenda kuliko zote, na Thacienne alimwuliza inasema nini.

"Mwanamke anaaga mume," Madamu akasema.

Mwezi mwingine akauliza tena, maana alitaka kuwa na hakika.

"Mwanamke anangojea," Madamu akajibu, akaendelea kupiga piano.

Jumapili alasiri walikuja wazungu wa machimbo na wake zao. Thacienne alivaa gauni la buluu, akaimba kando ya piano, nao wakapiga makofi madogo kwa ncha za vidole. Kisha alivua gauni, akavaa kitenge chake, akakusanya sahani zao na kwenda kula jikoni akiwa amesimama.

Jikoni alikuwa Grégoire, mpishi, kijana mrefu mwembamba wa upande wa Hombo. Alikuwa mtu wa kucheka haraka, na supu ikiungua alipiga mluzi.

"Weye uko nani hapa?" alimwuliza siku moja. "Boyi ao mugeni?"

"Sijue."

"Mimi nikuite namna gani basi? Dada, ao Madamu?"

Thacienne alitafuta jibu mpaka chakula kikapoa. "Niite Mukandori," akasema, na kuanzia siku ile Grégoire peke yake ndiye aliyemwita jina lile.

Grégoire alisikia nyimbo zote kupitia ukuta wa mbao. Ule wimbo mrefu, alisema, ulikuwa ukimkumbusha mama yake akichota maji mtoni, na hakuelewa kwa nini, kwa sababu mama yake hakuimba kamwe. Mke wa karani wa machimbo alisema unamkumbusha harusi. Boyi wa nyumba ya pili alisema unamtia hofu. Thacienne, aliyekuwa akiuimba, haukumkumbusha kitu chochote. Alipofika pale juu kabisa, pale sauti inapopanda na kukaa, alisahau hata jina lake, na hilo pia lilimsumbua. Padri alikuwa amewafundisha kwamba mtu hujisahau katika sala au katika dhambi, na wimbo ule hakujua auweke upande gani.

Wakati wa mapumziko Madamu alimsimulia habari za majumba ya kwao. Alimwambia watu wa opera hawana huruma. Wasipopendezwa wanazomea, wanapiga miguu sakafuni, wanarusha nyanya na mayai. Yeye mwenyewe alimwona rafiki yake akipigwa na kabichi kifuani.

"Na mutu anafanya nini?" Thacienne akauliza.

"Anatoka. Kichwa juu, anatoka mara moja. Hairudi."

Thacienne aliyashika maneno hayo kama alivyoyashika ya Kiitaliano.

Mwaka wa hamsini, mwezi wa Juni, Madamu alimwambia kwamba ataimba Bukavu, mji ambao wakati ule wazungu waliuita Costermansville, katika jumba lao, mbele ya watu mia nne. Walisafiri siku mbili, Bwana na Madamu wakiwa mbele ya kamio, Thacienne na Grégoire nyuma na vyombo vya chakula. Walipopita Hombo, mama yake Grégoire alitoka na ndizi mbivu, akamwangalia yule binti, akamwuliza mwanawe kwa lugha yao jambo lililomfanya Grégoire ainame na kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Jumapili ya onyesho, saa tisa alasiri, waseminari, vijana wanaosomea upadri, waliimba kwanza, wakaruhusiwa kusimama nyuma mlangoni. Kisha Thacienne akasukumwa mbele na mkono wa Madamu, Madamu akakaa kwenye piano. Taa zilikuwa kali, hakuona uso hata mmoja. Aliimba nyimbo tatu fupi, makofi yakawa yale madogo aliyoyazoea. Kisha akaimba ule mrefu. Aliona pumzi ikimjia bila kuitafuta. Alipofika pale juu alikaa muda mrefu kuliko siku zote, akatelemka polepole, na jumba likawa kimya.

Kimya kile kilimtia wasiwasi. Kikafuatwa na kitu kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu waliinuka. Walipiga miguu chini hata jukwaa likatetemeka. Wanaume walipiga kelele, "Bis! Bis!", neno lililofanana kabisa na ile sauti ambayo Bwana aliitumia kumfukuza paka mezani. Kitu kikaruka kutoka gizani, kikampiga shavuni. Kingine kikampiga kifuani, chenye majimaji. Alipotazama chini aliona majani na mashina, na akasema moyoni: ni mboga.

Hakuweza kuinua kichwa juu kama alivyofundishwa. Alikimbia. Alipita nyuma ya pazia, akapita jikoni, akatoka uani, akaingia nyuma ya kamio alipokuwa amekaa Grégoire akimenya viazi vya jioni.

"Banakasirika?" akamwuliza. "Grégoire, unasikia? Banakasirika?"

Grégoire alikuwa anasikia. Kelele ilitoka hadi barabarani. Alimtazama binti yule aliyekuwa akitetemeka katika gauni la buluu, akainamisha macho kwenye viazi vyake, akamfunika na turubai.

Madamu aliwakuta pale baadaye kidogo. Alikuwa akilia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kitambaa cha shingo. "Pourquoi?" aliuliza. "Kwa nini, mutoto yangu? Kwa nini?"

Thacienne alisikia anaulizwa kwa nini ameimba vibaya vile. "Unisamehe, Madamu. Sitaki tena. Sitaki tena kuimba mbele ya batu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Madamu alisimama akishika ubao wa kamio. Kisha akageuka, akarudi ndani.

Walirudi Walikale. Madamu alifunga piano, na unyevu ukaendelea kuila. Thacienne alifua nguo asubuhi na alasiri pia. Miezi minane baadaye kazi ya Bwana iliisha, masanduku yakafungwa, na siku ya kuondoka Madamu alimkumbatia mbele ya watu, akamwekea gauni la buluu mikononi, akasema kwa Kiswahili chake: "Mimi inasikia wewe. Mimi haikasirika." Thacienne alielewa kwamba amesamehewa aibu yake. Alilia, Madamu akalia, na kila mmoja, kama ilivyojulikana baadaye, alikuwa akililia jambo lingine.

Mwaka ule ule aliolewa na Grégoire. Walipanda kurudi Lushebere kwa sababu Verdiane alikuwa amefariki na Karangwa hakuwa na wa kumpikia. Grégoire akapata jiko la misioni, Thacienne akapata shamba. Walizaa watoto wanne. Kanisani alikaa nyuma, karibu na mlango, akafungua mdomo bila kutoa sauti. Watu walipomwuliza alikuwa akifanya nini kule Walikale, alijibu, "Nilikuwa nafua."

Mwaka wa hamsini na saba misioni ilipata padri mpya, Abbé Kabera, mtu mweusi wa kwanza kusimamia kwaya pale. Wiki yake ya pili alimkuta Thacienne akitwanga mihogo nyuma ya jiko la misioni, akasimama ghafla.

"Mama, wewe si yule binti aliyeimba Costermansville mwaka wa hamsini?"

Thacienne aliacha mchi ndani ya kinu. Miaka saba alikuwa ameingoja siku ambayo mtu atamjua. "Unisamehe, Padri. Nilikuwa bado mutoto."

"Nikusamehe nini?"

"Ile haya."

"Haya gani?"

Walitazamana kama watu wawili wanaobishana kuhusu njia, kumbe kila mmoja anakwenda kijiji kingine. Abbé Kabera aliketi juu ya gogo, akamweleza taratibu. Alikuwa mmoja wa waseminari waliosimama mlangoni. Watu walisimama wote, alisema, hata wake wa wakubwa. Wazungu wakipenda kupita kiasi njo wanapiga miguu chini namna ile. Lile neno *bis* maana yake ni rudia. Mzungu mmoja mzee alipanda jukwaani akapita nyuma ya pazia kumtafuta, akarudi mikono mitupu, na watu wakaendelea kupiga makofi wakidhani atatokea.

"Lakini balinitupia mboga," Thacienne akasema.

"Mboga? Yalikuwa maua, Mama. Maua ya bustani zao."

Thacienne aliuliza mara tatu kama ni kweli maua. Kisha akachukua mchi, akatwanga mpaka mihogo ikawa unga na unga ukawa vumbi, na Abbé akaondoka bila kuaga kwa sababu hakuona nafasi ya kuaga.

Nyumbani alimkuta Grégoire akichonga mpini wa jembe. Alimsimulia yote, akimtazama usoni.

"Weye ulikuwa nje. Ulisikia."

Grégoire aliendelea kuchonga.

"Ulijua makofi iko namna gani, Grégoire. Ulikuwa mupishi wa bazungu miaka kumi. Ulijua?"

"Nilisikia makofi," Grégoire akasema mwishowe. "Nilisikia na makelele. Nilifikiri, labda wanapenda. Ukaniuliza, 'Banakasirika?' Nilitaka kusema hapana. Halafu nikaona kama nitasema hapana, utarudi mule ndani, na sitakuona tena." Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Nikanyamaza. Sikusema uongo, Mukandori. Nilinyamaza tu."

Asubuhi Thacienne alichukua mtoto mdogo mgongoni, akaenda kwa baba yake. Karangwa, sasa mzee wa macho mekundu, alimwuliza kama inavyoulizwa.

"Amekupiga?"

"Hapana, Papa."

"Amekunyima chakula? Ameleta mwanamke?"

"Hapana."

"Sasa amefanya nini?"

"Alinyamaza, Papa. Iko miaka saba sasa."

"Hiyo," Karangwa akasema, "sijue nitaiitia wazee namna gani."

Alikaa pale siku sita akitafuta hasira yake. Alipoishika ilimponyoka. Usiku mmoja alimchukia Grégoire, asubuhi akakumbuka turubai lile na mikono iliyomfunika. Alimchukia Madamu, akakumbuka machozi yake. Alijichukia mwenyewe, kisha akacheka peke yake akifikiria mboga. Siku ya saba alirudi kwa sababu maharagwe yalikuwa yameiva. Grégoire alikuwa amewapikia watoto vizuri, na mpini wa jembe ulikuwa umekamilika.

Thacienne alimwomba Abbé Kabera amwandikie Madamu. Alitaka kuuliza neno moja tu: kwa nini hukuniambia. Barua ilikwenda, ikakaa huko miezi mitano. Jibu lilitoka kwa Bwana. Abbé alilisoma polepole, akitafsiri, wakiwa wamekaa kwenye benchi la kanisa.

Madamu Elvire alikuwa amefariki mwaka wa hamsini na tano. Baada ya siku ile ya Costermansville, Bwana aliandika, watu watatu walikuja pale walipofikia. Walitaka kumpeleka yule binti Ubelgiji, katika shule ya waimbaji, na walikuwa wameahidi kila kitu. Mke wangu, Bwana aliandika, aliwajibu kwamba haiwezekani. Aliwaambia: mtoto amekataa, nimemwuliza kwa mdomo wangu, nimemwuliza mara mbili, amesema hataki tena. Aliwaambia yeye alinyang'anywa sauti bila kuulizwa, hatamlazimisha mtu mwingine kutoa yake. Hadi mwisho wake alikuwa akisema kwamba alimwona mtu aliyeshangiliwa kuliko yeye alivyowahi kushangiliwa, na mtu huyo akakataa, na kwamba hakumwelewa kamwe, lakini alimheshimu.

Abbé alikunja barua. "Umeelewa, Mama?"

"Nimesikia," Thacienne akasema. "Kuelewa, bado."

Alikwenda nayo nyumbani ingawa hakujua Kifaransa cha kuisoma. Akiwa shambani aliipanga habari ile upya kila siku, na kila siku ilitoka tofauti. Kama Madamu asingemsimulia kabichi. Kama yeye mwenyewe angesema "nimeogopa" badala ya "sitaki". Kama Grégoire angefungua mdomo. Kila aliyekuwa pale alikuwa amemtakia mema, au karibu na mema, na yeye akaishia hapa. Halafu alitazama hapa penyewe: watoto wanne, shamba lililopaliliwa, mume anayepiga mluzi supu ikiungua. Hakujua kama aomboleze au ashukuru, na hapakuwa na sala ya kufanya yote mawili pamoja.

Sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti mwaka wa hamsini na nane, Abbé Kabera alimweka mstari wa mbele.

"Nusu?" Thacienne akauliza.

"Nusu ya nini?" Abbé akashangaa.

Akaimba. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito zaidi chini, na juu ilichelewa kidogo kufika, lakini ilifika. Wenzake wa mstari ule waligeuka kumtazama wakasahau zamu yao. Misa ilipokwisha, watu hawakwenda nyumbani. Walibaki uani, wakamwomba wimbo mwingine, naye akawaimbia ule wimbo mrefu wa Kiitaliano. Wanawake walipiga vigelegele katikati, mahali pasipofaa, yeye akaendelea. Mzee mmoja alivua kofia. Dancille, jirani yake, alilia, dada yake Dancille akacheka. Watu walipopiga kelele Thacienne alisimama palepale, akihesabu pumzi mpaka wakanyamaza.

"Inasema nini, ile?" Dancille akamwuliza.

"Sijue. Madamu aliniambia mambo mbili."

Abbé, aliyejua Kilatini, alisema amedaka maneno machache: ni habari ya mwanamke na mto, alidhani, au mwanamke na kioo, hakuwa na hakika.

Kuanzia siku hiyo aliimba kila Jumapili, sauti yote, na watu walipanda kutoka vilima vya mbali kumsikiliza. Abbé akamkabidhi wasichana kumi na wawili awafundishe. Aliwafundisha yale aliyofundishwa, pamoja na yale yaliyopingana, na wakimwuliza lipi ni la kweli aliwaambia wajaribu yote mawili.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa, asubuhi moja ya ukungu, yeye na Grégoire walikuwa wakivuna maharagwe kwenye mteremko. Walikuwa hawajaigusa habari ile tangu siku ya mpini wa jembe. Grégoire alinyoosha mgongo, akasema bila kumtazama:

"Kama ningesema. Siku ile. Ungeenda kwao Madamu?"

Thacienne aling'oa shina, akakung'uta udongo, akalitupa kwenye rundo.

"Asubuhi nilipoamka nilikuwa nafikiri ndiyo," akasema. "Sasa nafikiri hapana. Lakini nimechoka, na maharagwe iko mingi. Uniulize tena kesho."

"Na kesho utajua?"

"Hapana," Thacienne akasema. "Lakini uniulize."

Grégoire aliinama tena. Walimaliza mstari ule, wakaanza mwingine.